Kitabu Tulichokigawana Sawasawa

Kuna siku moja ambayo haijapata kunitoka kichwani, mwanangu. Ni siku niliyoulizwa swali dogo na mtu aliyelala chali juu ya mkeka, nami nikamjibu wakati jibu sikuwa nalo. Nitafika hapo, usiniharakishe. Jumapili iliyopita ulikuja hapa Makomeno, ukakalia kiti hicho hicho, ukatoa kalamu na kuniomba orodha ya vitabu vya upasuaji, kwa sababu mwaka huu wanakupeleka kwenye wodi ya wapasuaji na walimu wenu hawana muda wa kuwafundisha kila kitu. Nikakuambia urudi leo. Uso wako niliuona. Ulidhani mzee amesahau majina ya vitabu. Majina ninayo yote. Lakini nikikupa majina tu, utavipakua vitabu kwenye simu yako, vitakaa humo kimya, nawe utajiona umeshasoma. Kwa hiyo kalamu iweke chini kwanza.

Wakati huo mji huu uliitwa Elisabethville, na Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, ina bendera yake na majandarma wake, yaani askari wake. Mimi nilikuwa kijana wa mtaa wa Katuba, mtoto wa watu waliotoka jimbo la Kasai. Baba yangu alikuwa karani wa reli. Nilikuwa mwaka wa pili katika shule ya wasaidizi wa madaktari, shule ambayo siku hizi haipo. Tulikuwa wanafunzi sita, na kilichotuunganisha ni kutaka kujua.

Mimi hasa nilikuwa na udadisi uliopita kiasi. Mama akinituma sokoni kununua matumbo ya mbuzi, nilikuwa nayatandaza kwanza juu ya meza, nayapima kwa kamba, nashangaa jinsi kitu kirefu vile kilivyokunjwa ndani ya mnyama mdogo bila kujifunga fundo. Kisha nayakata na kuyashona kwa uzi mweusi, halafu ndiyo nampa mama ayapike. Siku moja baba alivuta uzi kutoka kwenye mchuzi wake, akauangalia, akaniangalia mimi, akaendelea kula. Mama ndiye aliyenigombeza mpaka jioni.

Baadhi ya madaktari wa Kibelgiji walikuwa wameshafunga masanduku na kuondoka, na mmoja wao alituachia kitabu chake cha upasuaji, cha Kifaransa, kinene kama tofali. Kitabu kimoja, wanafunzi sita. Tulifanyaje? Tulikikata. Usishike kichwa, ndivyo tulivyofanya. Tulihesabu kurasa, tukagawa kwa sita, haki kabisa, ili mtu asije akalalamika kwamba amepunjwa. Sehemu ya kila mmoja ilipoishia ndipo kisu kilipopita, hata kama ni katikati ya sentensi. Tulikubaliana kwamba kila siku ya posho, yaani Jumamosi, tutabadilishana vipande, mpaka kila mmoja awe amekisoma kitabu chote.

Vipande tulivipeleka kwa Papa Mutombo, fundi cherehani, jirani yetu wa Katuba, atushonee majalada ya kaki ili visichanike. Huyu ndiye aliyenishonea kaputula yangu ya kwanza ya shule. Kifaransa hakujua kusoma, lakini hakuweza kushona kitu bila kuuliza kinafanya kazi gani. Ukimpelekea suruali atakuuliza unaenda kwenye sherehe ya nani. Basi alipokuwa anapitisha sindano kwenye kipande changu, aliweka kidole chini ya ukurasa wa mwisho.

"Hapa maneno haikuisha," akasema. "Munaikata katikati juu ya nini?"

"Ni kwa haki, papa. Yenye kubakia iko mu kipande ya Ngoy. Atanipa siku ya posho."

Akatikisa kichwa, akashona. Ngoy alikuwa mwenzangu wa darasa, na kipande chake kilianzia pale pale changu kilipoishia.

Kipande changu kiliishia kwenye sura ya ngiri. Unaijua ngiri: utumbo unapenya kwenye sehemu dhaifu ya kinena na kufanya uvimbe chini ya ngozi. Mara nyingi mgonjwa akilala, unarudi wenyewe. Siku moja unakwama hapo nje, unabanwa, damu haipiti tena. Kitabu kilieleza jinsi ya kuurudisha kwa mkono: mlaze mgonjwa, inua miguu yake, weka kitambaa cha maji ya moto, sukuma polepole kwa vidole. Na mstari wa mwisho kabisa wa kipande changu ulisema: "Lakini njia hii isijaribiwe kamwe iwapo". Hapo ndipo kisu kilipopita.

Mwanangu, mimi nilisomeshwa na mapadri, na kwa mapadri kusoma ni kukariri. Nilikikariri kipande changu neno kwa neno. Mbele ya wenzangu nilikuwa nakisema kwa sauti kama katekisimu, mpaka "isijaribiwe kamwe iwapo", kisha nanyamaza na kukunja mikono. Walicheka. Na mimi nilicheka nao. Siku ya posho ilipofika Ngoy akaja na kipande chake mkononi, nikakataa kubadilishana. Nilimwambia bado nataka kukariri vizuri zaidi. Ukweli ni kwamba daktari mpasuaji wa lopitalo, yaani hospitali tulipofanyia mazoezi, alikuwa ana tabia ya kutuuliza maswali mbele ya vitanda vya wagonjwa, na nilitaka yale ya ngiri niyajibu mimi peke yangu. Niliona raha watu wakigeuka kuniangalia. Siku ya posho ya pili nikakataa tena.

Kitu kingine kilichonisumbua roho kipindi kile kilikuwa daftari la Papa Ramazani. Papa Ramazani alikuwa mzee wa chumba cha upasuaji. Yeye ndiye aliyempa daktari vyombo, mkasi huu, koleo lile, mara nyingi kabla hajaombwa. Babu zake walitoka Maniema, alikuwa Mwislamu wa kuswali swala zake zote, na hakuwahi kukaa darasani kwetu hata siku moja. Kila upasuaji ulipokwisha alinawa, akakaa kwenye kigoda karibu na mashine ya kuchemshia vyombo, akatoa daftari jeusi mfukoni na kuandika. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuzisoma. Wanafunzi walisema ni dua. Wengine walisema ni hirizi. Nilikuwa napita nyuma yake kwa makusudi, nachungulia juu ya bega lake, natamani nijue. Kumwuliza sikumwuliza. Nilijiambia, mtu asiye na cheti atanifundisha nini mimi?

Kisha mambo yakaharibika. Sisi watu wa Kasai tulianza kutazamwa kama maadui katika mji tuliozaliwa, kwa kudhaniwa kwamba hatutaki Katanga ijitenge. Nyumba ya jirani ilivunjwa, baba akatukanwa njiani, na asubuhi moja tulibeba masufuria na magodoro tukaenda kwenye kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji, iliyokuwa inalindwa na askari wa kigeni wenye kofia za buluu. Watu walijijengea vibanda vya magunia na mabati. Papa Mutombo alibeba cherehani yake kichwani, na mkewe, Mama Kapinga, akabeba kila kitu kilichobaki. Mimi nilibeba kipande changu cha kitabu ndani ya shati. Shuleni sikuweza kurudi, kwa sababu barabarani kulikuwa na vizuizi na jina langu tu lingetosha kunitia matatani.

Kambini kulikuwa na hema moja la wagonjwa. Daktari wa askari wale wa kigeni alikuja siku fulani tu, na siku nyingine tulibaki sisi tulioonja kidogo kazi ya lopitalo. Watu walianza kuniita dokta. Sikuwakataza.

Papa Mutombo alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Ikitoka, alilala chali, akaisukuma ndani kwa kiganja, akanyanyuka na kuendelea kushona. Hakuna aliyeihesabu kuwa ni ugonjwa. Asubuhi moja Mama Kapinga akaja kuniita. Ilitoka tangu jana mchana, alisema, na haitaki kurudi. Amejaribu, amejaribu tena, sasa anatapika. Na siku hiyo daktari hakuwa wa kuja.

Sikufichi kitu, mwanangu. Nilichokisikia kwanza moyoni kilikuwa furaha. Ngiri iliyokwama, na mimi ndiye niliyeijua sura ile neno kwa neno. Huruma ilinijia baadaye, nilipomwona.

Alikuwa amelala juu ya mkeka, uso umelowa jasho. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko ngumi, mgumu, na ngozi yake ilikuwa imegeuka nyekundu. Niliweka miguu yake juu ya sanduku la cherehani. Niliomba maji ya moto na kitambaa. Kila nilichokifanya nilikitamka kwanza kwa Kifaransa, kwa sauti, ili watu waliojaa mlangoni wasikie. Papa Mutombo alinifuata kwa macho. Hata katika maumivu yale alitaka kujua.

"Mwana," akasema, "ile kipande ya Ngoy, ulisomaka?"

Hilo ndilo swali nililokuambia. Watu wote walikuwa wananiangalia. Ningeweza kusema hapana. Kulikuwa na askari pale getini wenye gari na redio, ningeweza kukimbia kwao na kusema mtu huyu apelekwe mjini sasa hivi, mimi hapa nimefika mwisho wa ninachokijua. Ni maneno machache tu. Lakini wote waliniita dokta.

"Ndiyo, papa," nikasema. "Inasema tu namna ya kufunga bande, ile kitambaa ya kukaza kinena."

Akafumba macho, akauma pembe ya blanketi, nami nikaanza kusukuma. Utumbo ulikataa. Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Alitoa mlio nisiousahau. Kisha chini ya vidole vyangu nikasikia kitu kinateleza, kinazama, na uvimbe ukatoweka. Watu walipiga makofi. Mama Kapinga alinishika mikono yote miwili, akaniletea chai yenye sukari, na sukari kambini ilikuwa kitu cha kutafutwa. Nilikunywa ile chai nikiwa nimekaa mlangoni kwao, najisikia mtu mzima.

Mchana wa siku iliyofuata tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Hapo nilikimbia getini, nikiwa nimechelewa siku nzima. Askari wenye kofia za buluu walimpakia kwenye gari lao, nikapanda naye, tukapita vizuizi vyote bila mtu kutuuliza majina, tukafika lopitalo.

Daktari mpasuaji alimfungua tumbo. Mimi nilisimama ukutani na barakoa usoni. Harufu ilitufikia kabla ya kitu kingine chochote. Kisha nikauona: kipande cha utumbo, urefu wa kiganja changu, cheusi, kimekufa na kimetoboka. Ulikuwa umeshakufa pale nje, na mimi nikaurudisha ndani ukiwa maiti, ukamwaga uchafu wake tumboni. Daktari hakuinua kichwa. Aliuliza kwa Kifaransa ni nani aliyeisukuma ngiri hii ndani. Mimi nilinyamaza. Papa Ramazani alinitazama mara moja tu, akaendelea kutoa vyombo.

Papa Mutombo aliishi siku mbili baada ya hapo. Siku ya pili nilikaa karibu na kitanda chake. Alikuwa na homa kali, lakini akili yake ilikuwa wazi, na unajua aliniuliza nini? "Mwana, mule ndani bilikuwa namna gani?" Alitaka kujua tumbo lake linafanana na nini. Nikamweleza rangi, na mikunjo, na jinsi daktari alivyokata na kushona pande mbili zikaungana. Aliuliza uzi gani. Nikamwambia. Alisikiliza kwa makini kama fundi anayesikiliza kazi ya fundi mwingine. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia lile la kipande cha Ngoy. Nilifungua mdomo, nikamwuliza kama anataka maji. Alfajiri alikufa.

Asubuhi hiyo Papa Ramazani aliniita pale kwenye kigoda chake. Hakunipigia kelele. Alitoa daftari, akalifungua kurasa za nyuma sana, zilizogeuka rangi, akaanza kusoma, na masikio yangu hayakuamini, kwa sababu herufi zilikuwa za Kiarabu lakini maneno yalikuwa Kiswahili chetu hiki hiki.

"Muntu wa ngiri. Walimusukumia na mukono kwa nguvu. Kesho yake tumbo ngumu. Tulifungua, tulikuta utumbo mweusi. Nikauliza docteur: juu ya nini? Akasema: kama imekwama masaa mingi, usisukume, unarudisha kintu yenye imekufa. Sijajua: masaa ngapi? Kuuliza tena."

Akageuza ukurasa. "Kesho yake niliuliza tena. Jibu iko hapa." Akafunga daftari. "Hii niliandika mbele weye haujazaliwa. Ulikuwa unachungulia hapa kila siku, nilikuwa nakuona. Juu ya nini haukuuliza?"

Nikasema nilidhani ni dua.

"Ata kama ni dua, ungeuliza."

Mwanangu, machozi yalinitoka pale pale. Nikamwambia yote: kisu, haki ya kurasa, katekisimu yangu, na uongo niliomwambia mtu aliyekuwa ananiamini. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapanga mikasi kwenye sinia. Kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza, nikatafute kurasa za Ngoy leo leo. La pili, nikamwambie Mama Kapinga kwa mdomo wangu mwenyewe. "Docteur aliuliza, ukanyamaza," alisema. "Ule mama hataweza kukuuliza. Hajue kama kuko kintu ya kuuliza."

Ngoy nilimkuta kwenye bweni la wanafunzi, nyuma ya lopitalo. Alinipa kipande chake, nikasoma nimesimama. Mistari mitatu ya kwanza: iwapo ngiri imekwama kwa zaidi ya saa chache, iwapo ngozi imebadilika rangi, iwapo mgonjwa ametapika, hapo ni kisu tu, na bila kukawia. Yote matatu alikuwa nayo Papa Mutombo. Niliisoma tena na tena nikitafuta neno moja la kunipunguzia kosa. Halikuwamo.

Nilirudi kambini na gari la askari, habari ya kifo ikiwa imeshanitangulia. Mama Kapinga alikuwa anakunja nguo za watu ambazo mumewe hakuwahi kuzimaliza, ili awarudishie wenyewe. Nikapiga magoti, nikamwambia. Nilisema kila kitu, hata ile furaha ya kwanza. Hakulia, wala hakunitukana. Aliweka mkono wake juu ya suruali isiyo na pindo.

"Ile maneno yenye haukusoma," akasema, "ilikuwa mingi?"

"Mistari tatu, mama."

"Mistari tatu."

Akaendelea kukunja. Alipomaliza zile nguo akaniambia nisimame. "Leo siwezi kukusamehe, usiniombe. Enda usome. Usome yote. Siku utamaliza, ukuje uniambie: mama, nimemaliza."

Vita vilikwisha, Katanga ikarudi Kongo, sisi tukarudi Katuba, na mimi nikarudi darasani. Nilisoma miaka mingi, hapa na ng'ambo, nikawa mpasuaji, nikaja kuwafundisha wapasuaji wenzangu. Na kila mwaka mpya ulipoanza nilikwenda kwa Mama Kapinga. Aliniuliza, "Umemaliza?" Nikajibu, "Bado, mama." Akasema, "Basi enda." Hivyo hivyo, miaka na miaka, wakati mwingine bila hata kunikaribisha kiti. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, macho hayaoni vizuri, wajukuu wamemzunguka. Aliponiuliza, nikaona aibu kumpa jibu lile lile mtu anayekaribia kuondoka. Nikasema, "Bado, mama, unisamehe." Akatafuta mkono wangu, akaushika, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ile ya chai. "Ni muzuri," akasema. "Ule atasema amemaliza, asiguse bajukulu bangu."

Sasa chukua kalamu yako, mwanangu.

Anza na anatomia. Usiisome ukiwa umelala. Isome kidole chako kikiwa juu ya mwili wako mwenyewe, halafu nenda nayo kwenye maiti mnazofundishiwa, na pale picha inapotofautiana na unachokiona, simama hapo hapo, ndipo penye somo. Kiwepo kitabu kidogo cha kumpima mgonjwa kwa macho, masikio na vidole, kikae kwenye mfuko wa koti lako mpaka kichakae. Fiziolojia usiidharau kwa sababu haina kisu ndani yake. Wagonjwa wetu wengi hawafi kwa kukatwa vibaya, wanafia kitandani baadaye, kwa maji, kwa damu, kwa mkojo ambao hakuna aliyeuangalia. Kitabu kikubwa cha upasuaji, kile kinene, si cha kumeza kama nilivyokimeza mimi. Mwone mgonjwa, rudi, tafuta ugonjwa wake humo siku hiyo hiyo, usome sura nzima mpaka mwisho, na kurasa mbili za sura inayofuata. Vile vitabu vya mbinu, vinavyoonyesha jinsi ya kukata, viache viwe vya mwisho. Najua ndivyo unavyovitaka kwanza, nilikuwa kama wewe. Ukivifungua, anza na pale panapoeleza ni lini usifanye. Ukifika kwenye "lakini", usigeuke kwenda kula.

Usisome peke yako siku zote. Mfundishe mwenzako ulichosoma jana, akikuuliza swali moja tu ukakwama, umejua pa kurudi leo. Usimfiche mwenzako kitabu ili uonekane wewe. Nenda kwa wauguzi wa zamani, wale wasio na vyeti vikubwa, uwaulize wameona nini. Na uwe na daftari lako. Andika ulichokiona, andika ulichoambiwa, na chini yake andika usichokijua, kwa maneno yako, kisha kesho ukaulize. Herufi utakazotumia ni shauri lako. Na siku utakapokosea, maana utakosea, useme kabla hujaulizwa. Mimi nilichelewa siku tatu kusema, na zile siku tatu ni nzito kuliko miaka yangu yote ya masomo.

Haya, njoo karibu nikushike kichwa, maana miguu yangu haitaki tena kusimama. Mungu wa babu zako akuongoze katika hiyo wodi. Akupe mikono isiyotetemeka na macho yasiyochoka kuuliza. Akupe wagonjwa wenye maswali, wakuulize mbele ya watu, na kila usipojua, neno "sijui" likutoke mdomoni upesi, wakati mgonjwa bado anaweza kupelekwa kwa anayejua. Nenda na amani, mwanangu.